Bakuli la Vidonge Vyeupe

Kiwandani, Jumatatu, tarehe 3 Oktoba

Mdogo wangu,

"Mnyama hali kinachomdhuru. Mungu amempa pua." Ndivyo ulivyoniandikia, tena kwa raha ya mtu aliyefunga mjadala. Haujafungwa. Pua ya paka iliumbwa imwambie panya yuko wapi. Haikuumbwa imwambie kilichomo ndani ya kopo la dukani. Sumu ya panya inatengenezwa na watu waliosoma, na kazi yao ni kuhakikisha inanukia kama chakula. Unataka Karani, paka wa Mama, ashindane na wakemia kwa pua yake?

Wala si sumu ya panya peke yake. Kitunguu kinaharibu damu ya paka. Yungiyungi, ua lile la kuwekwa mezani ili wageni walisifu, akilamba vumbi lake tu figo zinakwisha. Unga wa kuulia viroboto wa mbwa ukimpaka paka, anatetemeka mpaka anakata roho. Haya nimeyasoma, na nimeyasoma mara mbili, kwa kuwa kusoma mara mbili ndiko kunakonilisha.

Ugomvi umekwisha, sasa shukrani. Umetoa likizo yako yote, umeacha vyombo vyako vya kupimia viwanja, umekuja kukaa na Mama ili mimi nifungiwe humu wiki tano. Unajua utaratibu wetu: karatasi za mitihani zikichapwa kiwandani humu, sisi wasahihishaji wa maandishi hatutoki, hatushiki simu, na barua, zitokazo na ziingiazo, zinafunguliwa na msimamizi na kusafiri na gari la chakula, Jumatatu na Alhamisi. (Bwana Msimamizi, najua unasoma. Habari za asubuhi.) Nisingeweza kuja bila wewe, na sitalisahau.

Sasa nisikilize. Tangu Baba atutoke, wa kwanza kusemeshwa na Mama kila asubuhi ni Karani. Akishamaliza na Karani ndipo anapata sauti ya kutusemesha sisi. Paka huyo akipatwa na neno, sijui Mama atanyamaza mpaka lini. Kwa hiyo usimwache ateremke kwa yule fundi cherehani wa chini. Anaweka sumu kwa sababu panya wanamlia vitambaa, na mwaka mzima nimepigana naye. Nilipobandika tangazo ngazini ndipo akaifungia kwenye sanduku, lakini bado simwamini hata kwa sindano.

Jambo la mwisho. Jumapili tarehe 9 ni siku ya Karani ya dawa ya minyoo. Mpe nusu ya kidonge cheupe. Kimo kwenye bakuli la vidonge la Mama, juu ya friji. Kisage, uchanganye na samaki. Mama atakwambia Karani hapendi, usimsikilize.

Dada yako


Nyumbani, Jumatatu, tarehe 10 Oktoba

Dada, shikamoo.

Karani yu hai. Nimeanza na hilo ili usisome yaliyobaki umesimama.

Jana mchana alikula vizuri. Ilipofika saa tisa akaanza kutoa mate, uso ukavimba, na miguu ya mbele ikavimba hadi akawa kama amevaa glavu. Mama alimwita, hakuinua hata sikio. Tulimkimbiza kwa daktari wa mifugo, na yuko huko sasa, amewekewa hewa. Daktari anasema ni sumu, na kwamba tulifika mapema. Siku tatu hizi ndizo za kuangalia.

Mama hajasema neno tangu jana jioni. Anakula nikimwekea. Nimemwambia nakuandikia, akaitikia kwa kichwa.

Tafadhali usimlaumu mtu. Nakuomba sana. Kazi yako haina nafasi ya makosa, wewe endelea nayo. Huku nipo.

Mdogo wako


Kiwandani, Alhamisi, tarehe 13 Oktoba

Bwana Fundi,

Mdogo wangu ni mpole. Ameniandikia ukurasa mzima bila kukutaja, akaniomba nisimlaumu mtu. Mimi sikuzaliwa mpole. Katika ukurasa huo niliona neno moja tu, nalo ni "sumu", na katika nyumba yetu yote ya ghorofa tatu mwenye sumu ni mmoja.

Nilikuambia mwezi wa pili. Nikakuambia mwezi wa tano, mbele ya mke wa mwenye nyumba. Ulinijibu nini? "Dada, panya wamekula suruali ya bwana harusi." Suruali inashonwa tena. Nieleze sasa, wewe unayejua kushona, utamshona vipi paka anayevuja damu ndani? Utaishona vipi sauti ya mwanamke wa miaka sabini na minne aliyekuwa akisema na mnyama huyo ili apate nguvu ya kusema na wanawe?

Najua utakuja na sanduku lako. Utasema lina kufuli. Kufuli haizuii uvivu. Chembe moja ikidondoka wakati wa kujaza inatosha, na wewe ni mtu wa kudondosha: pini zako nimeziokota ngazini kwa nyayo.

Nimefungiwa hapa mpaka mwisho wa mwezi. Huo ndio muda ulio nao. Nikitoka nisiikute sumu hiyo ndani ya jengo, na ikiwezekana nisikukute na wewe.

Mpangaji wa ghorofa ya pili


Dukani, Jumatatu, tarehe 17 Oktoba

Dada Kalamu,

Utaniwia radhi kwa jina hilo. Humu ngazini tunakuita Kalamu Nyekundu, na nadhani unajua. Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaketi nikaisoma tena, maana unaandika vizuri hata ukimtukana mtu. Hiyo ya pini nimekubali kosa.

Nakueleza nilichokiona. Jumapili nilikuwa namalizia sare za watoto wa shule. Karani akashuka ngazi mwenyewe, pole pole, akalala juu ya mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia. Huwa anakuja. Sikukuambia kwa sababu najua ungesema nini. Nikaona ametoa mate mengi. Nikamfunua mdomo. Dada, mimi kazi yangu ni rangi. Ukiniletea nyeusi nne nitakuonyesha tofauti yake. Ufizi wa paka ni waridi. Wa Karani ulikuwa kahawia, kama chai iliyosahaulika kwenye kikombe. Nikajua damu yenyewe imebadilika.

Nilipanda juu kuita watu. Mdogo wako alitaka kumpa maziwa. Nikamwambia asimpe kitu, tusije tukaongeza ubaya. Abebe kila kitu ambacho paka angeweza kuwa amekula. Yeye akachukua alivyovikuta, mimi nikachukua sanduku langu la sumu, zima, na kufuli yake. Karani tukamlaza ndani ya kasha la kufunikia cherehani, tukapanda pikipiki watu watatu na paka. Mama yako alikataa kubaki. Alikaa katikati.

Daktari alifungua sanduku kwanza. Vipande vinne niliviweka, vinne vilikuwemo, hakuna kilichotafunwa. Hapo akasema: "Basi si hii, tusipoteze muda nayo." Na muda ndio uliokuwa haupo. Angemtibu ya panya, angekuwa anatibu ugonjwa mwingine. Kilikuwa kidonge cha watu, cha maumivu, hiki ambacho mimi na wewe tunameza kichwa kikigonga. Anasema mwili wa paka hauna uwezo wa kukivunja. Robo tu inaweza kummaliza. Kuna dawa yake, alikuwa nayo.

Sasa shukrani yangu, nawe usiikatae. Sanduku lile ulinilazimisha wewe. Lisingekuwapo, mimi mwenyewe Jumapili ile nisingeweza kuapa kwamba sumu si yangu. Ulinitetea bila kujua.

Kidonge kilimfikiaje, hayo ni ya kwenu. Mimi ni mtu wa chini. Karani alikula juzi, kidogo, akamkwaruza daktari, na daktari akafurahi. Mama yako anashuka kwangu kila asubuhi, anakaa kwenye kiti cha wateja tukisubiri saa ya kwenda kumwona. Hasemi, lakini ananitungia uzi kwenye sindano.

Fundi

(Kwa penseli, chini ya ukurasa: Imesomwa, imeruhusiwa. Nina mbwa wawili nyumbani. Mwambie Fundi ahsante. Msimamizi.)


Kiwandani, siku hiyo hiyo, tarehe 17

Mdogo wangu,

Nimepokea barua ya Fundi. Uso umeniwaka, nitaushughulikia baadaye. Kwanza nijibu hili: kidonge cha maumivu kilimfikiaje Karani?

Nimefikiri nikiwa na kurasa za hesabu za darasa la saba mbele yangu, na makosa mawili yamenipita leo, jambo ambalo halijatokea miaka kumi na tisa. Nahisi ni Mama. Goti likimuuma humeza, na chochote anachokula humkatia Karani kipande. Sambusa, andazi, yai. Kama ndivyo, sikiliza vizuri: asijue kwamba najua. Mwambie paka aliokota sakafuni. Mwambie ni mimi nilidondosha kabla sijaondoka. Nitaubeba uongo huo mpaka kaburini na nitautetea mbele ya yeyote.

Lakini wewe niambie ukweli. Ndiyo maana uliniandikia "usimlaumu mtu", sivyo?

Dada yako


Nyumbani, Alhamisi, tarehe 20 Oktoba

Dada, shikamoo.

Si Mama. Nilimpa mimi, kwa mwandiko wako.

Barua yako ya tarehe 3 ninayo hapa. "Mpe nusu ya kidonge cheupe. Kimo kwenye bakuli la vidonge la Mama." Jumapili nilifunua bakuli. Vya waridi vilikuwa vya presha, hivyo navijua. Vyeupe vilikuwa ishirini na nne. Nikadhani umemwekea Karani akiba ya mwaka. Nilimuuliza Mama, akasema, "Ya Karani ni ile nyeupe." Basi nikakata kimoja kwa wembe na rula, nusu kamili, unanijua. Nikasaga, nikachanganya na samaki. Alilamba sahani, Dada. Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo sitapigiwa kelele.

Kule kwa daktari alimwaga bakuli mezani akavigeuza kimoja kimoja. Akauliza, "Karatasi zake ziko wapi? Nani alivitoa?" Mama ndiye aliyejibu: "Binti yangu. Vidole vyangu haviwezi kubonyeza." Ndipo daktari akasema, "Anampenda mama yake." Halafu akachukua kidonge akakivunja, akakitazama, akakimbilia dawa.

Nilitaka kukuandikia yote Jumatatu ile. Nilikuwa nimeshaanza. Fundi ndiye aliyenizuia. Alisema, "Dada yako amefungiwa. Hawezi kutoka, hawezi kupiga simu, hawezi kumshika paka. Ukimwambia ni barua yake, atajila mwenyewe humo ndani. Mwandikie sumu tu, uishie hapo. Atanidhania mimi." Nikamwambia, "Atakutukana, Fundi." Akasema, "Nimezoea. Kwani ataanza leo?"

Kwa hiyo barua ile uliyomwandikia, Dada, aliingoja. Aliipokea kwa dereva wa gari la chakula akaingia nayo nyuma ya pazia. Alipotoka alisema tu, "Mkali kweli, lakini ya pini ni haki yake."

Nami nilikuwa na langu la kuficha. Nilikuandikia mnyama hali kinachomdhuru. Karani alikula kutoka mkononi mwangu kwa sababu ni mkono wangu. Pua yake haikumwonya kitu. Umeshinda mjadala, na sijawahi kutamani ushindwe kama hapo.

Sasa la kukuchekesha. Kidonge cha minyoo cha Karani hakikuonekana bakulini. Tulitafuta mpaka tukachoka. Mama alikimeza yeye, Ijumaa ya kabla, kwa ajili ya goti. Daktari wa zahanati amesema hakuna ubaya kwa kimoja. Mama anasema goti limepona.

Umeona hapo, nimeandika "Mama anasema". Jana tulimrudisha Karani nyumbani. Alizunguka chumba, akapanda juu ya magazeti yako, akaketi kama anasubiri wateja. Mama akamwambia, "Karani, ofisi ilikuwa imefungwa." Kisha akanigeukia akaniuliza kama nimekula. Nilitoka nje kidogo, nikasimama kwenye ngazi.

Ahsante kwa kuniita nije. Ningeyakosa haya.

Mdogo wako


Kiwandani, Jumatatu, tarehe 24 Oktoba

Fundi, ndugu yangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ikanitetea. Ya pili ikanitetea kwa ufupi. Ya tatu ilikuwa na machozi, na karatasi za humu zinahesabiwa.

Kazi yangu kwa miaka kumi na tisa ni kuhakikisha kwamba mtoto asiyenijua, kwenye dawati nisilolijua, akisoma sentensi ataelewa kitu kimoja tu na si viwili. Kwa nukta iliyokosewa mahali pake nimeshawahi kusimamisha mtambo. Na nyumbani kwangu, kila Jumamosi, niliketi na Mama nikabandua vidonge kutoka kwenye karatasi zilizoandikwa jina, nikavimimina bakulini, nikatupa maandishi jalalani. Mimi. Halafu nikaandika "kidonge cheupe" nikaona nimeeleza. Kama mwanafunzi angeniletea sentensi hiyo ningemchorea duara jekundu mpaka karatasi itoboke.

Nilikuita mvivu. Wewe ndiye uliyekuwa na kufuli. Mimi niliyekupigia kelele nilikuwa na bakuli wazi juu ya friji, na paka anayeruka hadi juu ya kabati.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Ni kwamba ulijua. Uliisoma barua yangu yote, ya suruali, ya kukutaka uhame, huku ukijua ni mwandiko wangu uliomlaza Karani, ukajibu kwa kunishukuru kwa sanduku. Nimesoma vitabu vingi, Fundi, vya watu waliojadiliana na wafalme na mapadri wakashinda. Sijui hata kimoja ambamo mtu alishindwa hoja kwa namna ulivyonishinda wewe. Nashukuru. Nashukuru kwa macho yako, kwa kasha lako, kwa kumzuia mdogo wangu na yale maziwa, kwa kumpa Mama kiti na uzi. Nashukuru kwamba ulikubali nikuchukie wiki nzima ili nisijichukie.

Nikitoka nitakuja dukani. Barua ile niliyokuandikia, kama bado unayo, tuichane pamoja. Kama umeitumia kukatia ruwaza ya nguo, afadhali zaidi.

Dada Kalamu


Dukani, Alhamisi, tarehe 27 Oktoba

Dada Kalamu,

Sikuichana. Nimekatia kola ya sare, darasa la tatu. Imekaa vizuri.

Usiniletee kitu. Ila kama unataka kunilipa, nina ombi. Toka nilipowaeleza watu wa jengo hili habari ya kidonge, wote wanasema "ala, kumbe", halafu wanarudi ndani na hawafanyi kitu. Mama wa mapacha ana kopo la sumu ya mende chini ya sinki. Kijana wa redio anamwagia mbwa wake dawa ya ng'ombe. Mimi nikisema wananicheka. Wewe wakikuona na karatasi na gundi, wanaogopa. Mwaka huu uliniogopesha mimi. Waogopeshe na wao.

Karani hajambo. Juzi amelala juu ya suruali ya mteja. Bwana harusi mwingine.

Fundi


TANGAZO, limebandikwa ngazini, Jumamosi, tarehe 5 Novemba

Kwa wapangaji wote, kutoka ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.

Jana niliposema hapa ngazini kwamba nitabandika tangazo, mtu mmoja aliniambia: "Mimi sina sumu nyumbani, kwa hiyo tangazo lako halinihusu." Nami nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa na kidole cha kumnyooshea jirani, sikuwa na macho ya kutazama juu ya friji yangu. Aliyekaribia kumuua paka wa mama yangu ni mimi, kwa kidonge cha kuondoa maumivu, kwa mapenzi mengi na kwa sentensi mbovu. Sioni haya kuliandika, kwa sababu nikiona haya mimi, kesho litatokea kwako. Tena kama si Fundi wa chini, leo ningekuwa nabandika tangazo la aina nyingine, na nyumbani kwetu kungekuwa kimya. Mkimpita dukani mwambieni ahsante. Mimi nimemwambia na bado haijatosha.

Sasa nawataja.

Mama wa mapacha: kopo la chini ya sinki lipande juu, kwenye kabati lenye kitasa, leo kabla hujapika. Paka wako na mapacha wako wanatambaa sakafu moja.

Kijana wa redio: dawa ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Mbwa wako ana kilo kumi na mbili. Mpeleke kwa daktari Jumatatu, nitakusindikiza, na usiseme huna nafasi, maana nakusikia ukilala mpaka saa nne.

Bibi wa ghorofa ya tatu mwenye maua: lile yungiyungi alilokuletea mwanao ni zuri sana. Paka wako wawili si wa kuishi nalo chumba kimoja. Nipe mimi nilipeleke kiwandani.

Na wewe usiyetajwa, uliyesimama hapa unasoma kwa utulivu kwa sababu umesoma shule, una vitabu ukutani na unampenda mnyama wako kuliko sisi wote: wewe ndiye ninayekuogopa zaidi. Panda sasa hivi. Shusha kila kidonge ulichokitoa kwenye karatasi yake. Usichoweza kukitaja jina, usimpe kiumbe yeyote; mpelekee mwenye duka la dawa akuambie ni nini. Ukimwachia mtu maagizo, andika jina la dawa, herufi kwa herufi, umwonyeshe na pakiti. Nitapita Jumamosi ijayo kila mlango, na kalamu yangu mnaijua. Nifungulie, unionyeshe juu ya friji yako.